Pete Iliyopauka

Siku Héritier alipoanza kukosekana, mama yake alikuwa barazani akinyoosha nguo za watu kwa pasi ya makaa. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha Léontine tangu akimbie vita Djugu na kuja kupanga vyumba viwili hapa Bunia. Lori la mbao lililotoka Nia-Nia lilisimama barabarani, dereva akashuka na mfuko wa saruji uliofungwa kwa kamba, akauliza mama yake Héritier ni nani. Léontine aliiweka pasi juu ya jiwe lake. Akalikunja shati lililokuwa mbele yake, akafunga kifungo cha juu, ndipo akaitika. Majirani walisema baadaye kwamba alikuwa amekwisha kujua, kwa maana mtu asiyejua hafungi kifungo cha shati la mteja polepole namna ile.

Shimo la dhahabu lilikuwa limejifunga. Wenzake walichimba mpaka nguvu zikawaishia, hawakumfikia. Ndani ya mfuko mlikuwa na suruali moja, viatu vya Jumapili, na koti zito la bluu lenye bitana ambalo alilitundika mtini kabla ya kushuka, kwa sababu chini ya ardhi kuna joto. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, koti ndilo lililolazwa juu ya mkeka wakati wa kilio, watu wakalizunguka na kuimba. Siku ya kumaliza kilio nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Suruali ilikwenda kwa mjomba, viatu kwa binamu. Ilipofika zamu ya koti, Léontine alilikalia.

Inspekta Angélique wa polisi ya upelelezi aliyapata hayo vipande vipande, mwaka mmoja baadaye, kutoka vinywa vya watu waliokuwa wakimweleza jambo lingine kabisa. Walikuwa wakimweleza kwamba Léontine analishwa sumu na Falone, mjane wa Héritier.

Falone alikuwa ndani ya amigo, chumba cha kufungia watu nyuma ya kituo. Angélique mwenyewe ndiye aliyemweka humo, na hakuficha sababu: vijana wa mtaani walikuwa wamefika mlangoni kwake na mafuta ya taa, wamchome. Lakini amigo si mahali pa kumhifadhi mtu muda mrefu. Jumatatu faili lilitakiwa kwenda kwa mwendesha mashtaka, na likienda kama lilivyo, Falone angekwenda nalo gerezani.

Asubuhi ya Alhamisi alimtoa nje, wakaketi kwenye ubao chini ya ukingo wa bati.

"Umekula?" Angélique aliuliza. Ndivyo alivyoanza na kila mtu.

"Nimekula. Polisi yenu moja aliniletea mikate, akasema, onja weye mbele, weye njo munganga wa sumu." Falone alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Mama Inspekta, mama mukwe anaendelea namna gani?"

"Bado muzaifu. Mikono inatetemeka."

"Na nani anamupikia?"

"Dorcas."

Dorcas alikuwa binti mkubwa wa Léontine, na ndiye aliyeleta mashtaka.

"Mumuambie asitie chumvi mingi. Na aweke ndoo ya maji karibu na kitanda. Mama anakunywa maji kama mutu ametoka Komanda kwa miguu, kisha usiku anaamuka, anaamuka. Divine pia hapati usingizi, juu ye na koko yake banalala kitanda moja, miye nalala chumba ya mbele."

Divine alikuwa binti wa Falone na Héritier; koko yake, yaani bibi yake, ndiye Léontine. Angélique aliandika neno moja kwenye kiganja chake kwa kalamu, kama alivyozoea pale jambo lilipomgusa kabla hajajua ni kwa nini.

"Nielezee tena namna munakula."

"Nimekwisha kueleza."

"Nielezee tena."

"Sufuria iko moja. Bugali moja, sombe moja. Tunaweka kwa sahani moja kubwa, tunakula siye watatu. Ningeweka sumu wapi, mama? Kwa upande yake ya sahani?"

"Dorcas anasema mama yake alilalamika. Chakula yako ilikuwa na ladha ya chuma."

"Alilalamika, ni kweli. Alilalamika hata juu ya maji. Hata mukate ya meza ya Bwana, alitoka kanisani akisema iko na chuma. Ile pia nilipika miye?"

Angélique alitoa bahasha, akamimina pete kwenye kiganja. Ilikuwa pete ya ndoa ya Léontine. Picha ya arusi iliyotundikwa kwa Dorcas iliionyesha ikiwa ya njano. Sasa ilikuwa nyeupe iliyokufa, kama kifuniko cha sufuria. Sonara wa sokoni aliitazama mara moja na kusema si dhahabu. Dorcas alikuwa na maelezo yake: Falone ameiba ya kweli, akaweka ya bandia, halafu akaanza kumuua mwenye pete asije akagundua.

"Na hii?"

"Hii alikuwa nayo kwa kidole siku yote. Ilianza kupauka polepole. Nilifikiri ni sabuni." Falone aliigusa kwa ncha ya kidole. "Zahabu ya kweli inapauka?"

"Haipauki."

"Basi sijue."

Hakuongeza neno. Angélique alikuwa amewahoji waongo wengi, na aliona kwamba kila mmoja wao, hapo, angeongeza neno.

Kutoka kituoni alikwenda hospitali. Daktari Étienne, kijana wa Boga mwenye sauti ya chini, alikuwa akifanya utafiti juu ya figo za watu wanaochoma dhahabu, na kwa ajili hiyo alikuwa na mashine ambayo zahanati za mtaani hazina. Angélique alikuwa amemletea chupa za mkojo, kila moja imefungwa na kutiwa sahihi mbele ya mwenyewe: ya Léontine, ya Falone, ya Dorcas, na ya Divine. Chupa ya mtoto ilikuwa wazo la Étienne.

"Dada, keti," alisema. "Nataka kukuonyesha kitu mbele ya kukuambia."

Alichovya kijiti cha karatasi katika mkojo wa Léontine, akangoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hii njo zahanati ilifanya. Angalia pahali pa protini."

"Haikubadilika rangi."

"Haikubadilika. Lakini pahali pa sukari imebadilika. Banasema, mama uko na kisukari, acha sukari kwa chai. Akaacha. Miye nimepima sukari ya damu yake mara tatu. Iko sawa kama yako."

"Sasa sukari inatoka wapi?"

"Ngoja."

Alimimina mkojo kidogo katika mrija wa kioo, akadondosha tindikali juu yake. Mkojo uliokuwa safi uligeuka mweupe taratibu, kuanzia juu kushuka, kama maji ya kuoshea mchele.

"Hiyo ni protini," alisema Étienne. "Kijiti hakiioni, juu kijiti kinajua protini moja tu, ile kubwa. Hizi ni zile ndogo." Alitafuta namna ya kulisema. "Ulipepeta mchele ukiwa mutoto?"

"Mpaka leo napepeta."

"Bon. Figo iko na kazi mbili. Mbele, inachuja damu. Vitu vidogo vinapita na maji: sukari, protini ndogo. Kisha kuna mirija mirefu, myembamba, na kazi ya ile mirija ni kama yako ukimaliza kupepeta. Inainama, inaokota punje nzuri zilianguka na makapi, inarudisha ndani. Mutu mwenye figo nzima hapotezi punje. Kwa Léontine kichujio iko muzima. Ni waokotaji wanaumwa. Njo maana sukari inatoka na mukojo wakati damu haina shida, njo maana anakojoa na anakunywa mingi. Na njo maana hizi protini ndogo zimejaa hapa."

"Mashine imezihesabu?"

"Imehesabu. Moja tulipima kwanza, ikaonekana iko chini, nikataka kukuita nikuambie hakuna kitu. Lakini ile moja inaharibika ikikaa kwa mukojo mukali, na mukojo ya mama ulikuwa mukali. Tukapima ndugu yake, ile yenye haiharibiki. Iko juu sana, dada. Kama ya mutu mwenye amechoma zahabu miaka mingi."

Angélique aliutazama mrija. Weupe ulikuwa umeanza kutulia chini.

"Na Falone?"

"Safi."

Watu wawili wanakula sahani moja, mmoja anaumwa, mwingine hana kitu. Mbele ya mwendesha mashtaka yeyote, hilo lilikuwa kamba ya kumfunga Falone.

"Ningekuwa polisi, ningefikiri vile unafikiri," alisema Étienne. "Lakini Dorcas pia safi. Na Divine si safi."

"Mutoto?"

"Haijafika ya koko yake. Lakini imepanda, na mutoto wa miaka tano hapashwi kuwa nayo. Na kitu ingine. Ile chupa Léontine alileta hapa mbele ya Falone kufungwa, bado niko nayo kwa frigo. Nimepima zote mbili siku moja, mashine moja. Hii ya juzi iko juu kuliko ile."

"Kumbe anaendelea kupata hiyo sumu, na Falone iko amigo."

"Anaendelea."

Angélique alifungua kiganja chake akasoma neno aliloliandika. Kitanda.

"Haifuati sufuria," alisema polepole. "Wenye banakula sufuria moja ni watatu. Wenye banalala kitanda moja ni wawili. Inafuata kitanda."

Étienne alifunga mrija. "Figo haisemi jina ya sumu. Inaonyesha tu pahali inaumwa. Inaweza kuwa dawa fulani ya hospitali, inaweza kuwa mizizi ya kienyeji."

"Mizizi alikunywa. Dorcas alileta. Lakini alileta wakati mama amekwisha kuugua, na mutoto hakuonja."

"Basi ni metali. Hapa kwetu, miye naona hii kwa watu wa merkire." Alisema merkire kama wachimbaji wanavyoiita zebaki, wanayokamatia dhahabu kabla ya kuichoma. "Nimetuma damu Kinshasa. Majibu itachelewa, Jumatatu itafika mbele."

"Mama atapona?"

"Ile mirija inajua kujitengeneza, kama tunakata njia ya sumu mapema. Kwa mutoto niko na imani. Kwa mama, kila siku iko na bei yake."

Angélique alitoka na bahasha ya pete mfukoni, na kwa mara ya kwanza wiki ile alijua amuulize nani juu yake.

Muzee Assani alinunua dhahabu karibu na soko tangu enzi ambazo wachimbaji walikuja kwa baiskeli. Alipomwona mlangoni alivua miwani.

"Mama Inspekta. Leo unauza ao unafunga?"

"Leo nauliza, muzee."

Alimpa pete. Assani aliipima kwenye kiganja, akaigeuza dirishani, akaikwaruza kwa ukucha upande wa ndani.

"Nani alikuambia hii haiko zahabu?"

"Sonara moja wa soko."

"Ule? Ule anajua kubadilisha betri ya saa." Aliirudisha mezani. "Zahabu ni yenyewe, na ni ya zamani, nzuri. Imekula merkire tu. Zahabu na merkire zikigusana zinashikana. Siye ku karière, kwa mashimo, hata mutoto anajua, unatosha pete kwa kidole mbele ya kushika merkire. Huyu mama anachoma?"

"Hachomi. Ananyoosha nguo."

"Basi iko na pahali anagusa merkire na kidole hiki, na si mara moja. Mara moja haileti rangi hii."

"Ikipata moto, njano itarudi?"

"Itarudi. Lakini moshi wake ni sumu yenyewe, haina harufu, haina rangi, unaivuta unafikiri ni hewa. Twende nyuma."

Nyuma palikuwa na sanduku la chuma lenye bomba refu lililopita juu ya paa. Assani aliiweka pete ndani, akafunga kioo, akawasha moto wa gesi. Walisimama mbali. Weupe uliondoka kwanza upande mmoja, kisha mwingine, na pete ikarudi njano palepale walipokuwa wakiitazama. Hapakuwa na pete ya bandia, wala hapakuwa na wizi.

"Mutu alifungwa juu ya hii?" Assani aliuliza.

"Alifungwa."

Mzee alitikisa kichwa. "Sikia, mama. Ukiipata ile merkire, usichome kitu chenye iko ndani. Na usifagie. Batu banafagia, inagawanyika inaingia kila tundu. Ndoo, mufuniko, na hewa. Na weye mwenyewe tosha pete yako."

Angélique alikuwa mjane, na pete yake hakuwahi kuivua. Aliivua akiwa bado mlangoni, akaifunga ndani ya leso.

Mlango wa Léontine ulifunguliwa na Dorcas. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, mikono yake inanuka mboga ya lenga-lenga, macho mekundu.

"Umemuachilia?"

"Bado. Umekula, Dorcas?"

Swali lile lilimkuta hana ngao. Alitazama chini. "Mama hataki kula. Napika, anaonja, anaacha." Aliifuta mikono kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu. "Kuna kitu sikukuambia. Juzi alisema chakula yangu pia iko na chuma."

"Ya kwako."

"Ya kwangu. Nilikasirika. Kisha nikaogopa kukuambia, juu nilikwisha kusema mambo mingi mbele ya watu."

"Umeniambia leo. Inatosha."

Léontine alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda katika chumba cha ndani. Divine alikuwa shuleni. Dirisha lilifungwa kwa ubao na misumari. Tangu Djugu, Léontine hakulala tena chumba chenye dirisha wazi. Kikombe cha maji kilitetemeka mikononi mwake mpaka Angélique alipokipokea.

"Mama, nataka unionyeshe jioni yako. Kutoka jua linaingia mpaka unalala. Usiniambie, unionyeshe."

"Jioni yangu iko na nini?"

"Nataka tu kuiona."

Léontine aliinuka. Alikwenda kwenye kona, akashika pasi. "Hapa natia makaa."

"Leo usitie. Fanya kama makaa iko ndani."

Alifunga mlango. Akarudi kitandani, akainua mto, na chini ya mto alitoa koti la bluu. Alilitandaza juu ya shuka kwa namna mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia, akalainisha shingo, akalainisha mifuko, akapitisha kidole cha pete kwenye upindo wa chini, kutoka kushoto hadi kulia, akirudi na kurudi.

"Divine anashika mukono hii, isiteleze," alisema. "Halafu nanyoosha upande ya ndani. Ukinyoosha upande ya inje, bluu inakufa." Aliipitisha pasi baridi juu ya bitana. "Héritier akienda masomo, shati yake haikuwa na kunjo hata moja. Mwalimu alikuwa anauliza, mama yako ni nani. Sasa huyu, hatukumuona. Hatukumuzika. Kama anarudi, asikute koti yake imejikunja."

Dorcas, mlangoni, aligeuza uso.

"Kila jioni?" Angélique aliuliza.

"Kila jioni. Kisha naweka chini ya mto ikiwa bado na moto. Mutoto anapenda. Anasema papa iko na moto."

"Haijafuliwa?"

"Haijafuliwa. Ikifuliwa, harufu yake inaenda."

Angélique aliomba ruhusa ya kulishika. Alilitoa nje uani, kwenye hewa, akamwomba Dorcas abandue ubao wa dirisha na kuacha milango wazi. Alivaa glavu alizopewa na Étienne. Koti lililoshikwa mabegani halikuning'inia sawa: upindo wa kushoto ulivutwa chini, kama una kokoto. Mfuko wa ndani ulikuwa na tundu. Aliweka sahani nyeupe chini ya upindo, akakata uzi mmoja.

Kwanza kilidondoka kifuniko cha mpira, cha vile vichupa vya dawa ya sindano. Kisha vipande vya kioo chembamba. Kisha, taratibu, matone ya fedha yaliyokimbizana juu ya sahani, yakagongana, yakaungana, yakawa tone moja kubwa lililotikisika na kuonyesha mbingu ya Bunia ndani yake.

"Merkire," alisema Dorcas.

Héritier aliibeba mfukoni kama wachimbaji wote. Kichupa kilivunjika, pengine safarini, ndani ya mfuko wa saruji chini ya mbao, kutoka Nia-Nia. Zebaki ilipita kwenye tundu la mfuko na kujificha ndani ya bitana. Na kila jioni, katika chumba kilichofungwa, pasi ya makaa iliigeuza kuwa hewa.

Angélique alimweleza Léontine yote pale uani, ameketi karibu naye kwenye kibao. Hakutumia maneno mengi. Alimweleza juu ya mirija inayookota punje, juu ya pete, juu ya chupa ya Divine. Aliposema Divine, Léontine aliweka mkono mdomoni.

"Kumbe koti ya mutoto yangu njo ilikuwa inatuua."

"Ye hakujua, mama. Na weye hukujua."

"Mutoto analala na kichwa juu yake."

"Dokta anasema mutoto atapona. Na weye, tukisimamisha leo, figo iko na nguvu ya kujitengeneza."

Pikipiki ilipita barabarani na vumbi lake jekundu, sauti ikaishilia mbali. Léontine aliendelea kulitazama koti.

"Inspekta. Iko namna ya kutosha ile merkire na kuacha harufu yake?"

Angélique alikuwa amelitarajia swali hilo tangu mlangoni kwa Assani, na njia nzima alikuwa akitafuta jibu jingine.

"Haiko, mama."

Léontine aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeambiwa saa.

Dorcas alikuwa amekwisha kuchukua kiberiti. "Tuchome sasa hivi, iishe."

"Hapana. Moto njo unaiamusha. Leta ndoo yenye mufuniko."

"Falone alitaka kuifua," Léontine alisema, akiliambia koti zaidi ya watu. "Kilio ilipoisha tu. Alisema, mama, tuifue, iko na udongo ya shimo. Nilimuambia anataka kufuta bwana yake. Hakuniuliza tena." Aligeuka. "Dorcas, ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Basi kesho weye njo utasimama mbele ya ile vijana na mafuta yao, useme."

"Nitasema."

Ndoo ililetwa. Angélique aliinama kulichukua koti, lakini Léontine aliinua mkono.

"Nguo zake zote nilikunja miye."

Angélique alifikiri, kisha akampa glavu nyingine na kumfunga barakoa. Mikono ya Léontine ilitetemeka ndani ya glavu, na kwa sababu hiyo kazi ilikwenda polepole. Aliingiza mikono ya koti ndani, wa kulia kwanza. Akakunja pande mbili zikakutana katikati. Akageuza shingo iwe juu, akatafuta kifungo cha kwanza, akakosa, akatafuta tena, akakifunga. Alilikunja kama shati la mteja linalosubiri kuchukuliwa, akaliweka ndani ya ndoo. Angélique alimimina humo yaliyokuwa kwenye sahani, akafunga mfuniko, akazungusha utepe wa gundi, akatia sahihi na tarehe. Dorcas alitia sahihi kama shahidi. Léontine alipoulizwa kama atatia yake, alisema mkono hauwezi, akaweka kidole gumba.

Falone alirudi nyumbani Ijumaa alasiri. Angélique alimsindikiza hadi mlangoni, na Dorcas alitembea upande wake wa pili mtaani kote, akisalimia kila kijana kwa jina. Léontine alikuwa ameketi nje, pete yake ya njano kidoleni, Divine katikati ya magoti yake. Hakuinuka, nguvu hazikuwapo. Alisogea tu kwenye kibao, akaacha nafasi.

"Nilitaka kukuambia..." alianza.

"Mama, umekunywa maji?" Falone aliuliza.

"Nimekunywa."

"Bon. Nitapika."

Faili lilikwenda kwa mwendesha mashtaka Jumatatu, limeandikwa kwamba hakuna kosa la jinai na hakuna mtuhumiwa. Ndoo iko kwenye stoo ya vielelezo, na juu yake pameandikwa isifunguliwe. Majibu ya damu kutoka Kinshasa bado hayajafika. Kila Jumatatu asubuhi Falone anabeba chupa mbili hadi hospitali, moja ya Divine, moja ya mama mkwe wake, na Étienne anadondosha tindikali na kungoja. Ya mtoto inabaki safi sasa. Ya Léontine bado inageuka nyeupe, lakini weupe ni pungufu kuliko wa wiki iliyopita.